Kufuli na Jirani

Katika vitu vyote ambavyo mpangaji hukabidhiwa siku anapolipa kodi, kilicho kidogo kuliko vyote ni ufunguo, nacho pengine ndicho anachokithamini zaidi. Chumba chenyewe si chake. Ukuta si wake, bati si lake, na miezi aliyolipia itakwisha. Lakini haki ya kufunga mlango ni yake kamili, na mtu asiye na kitu kingine cha kuita chake mjini aweza walau kusema kwamba pana mlango mmoja ambao haufunguliwi ila kwa idhini yake. Kwa sababu hiyo si haki kuucheka uangalifu wa maskini juu ya kitasa chake. Tajiri hulindwa na ukuta wa ua, mbwa na mlinzi. Maskini hulindwa na ulimi wa chuma usiozidi urefu wa kidole.

Mjini Mwanza jambo hili laonekana wazi katika nyumba zilizopandana juu ya vilima vya mawe, Igogo, Mabatini na kwingineko, ambako jabali moja huwa ukuta wa nyumba hii na kiwanja cha nyumba ile. Nyumba ya vyumba vya kupanga ina sura yake ijulikanayo: korido katikati, vyumba vitatu au vinne kila upande, mlango wa mbele, mlango wa uani, na choo cha wote. Katika kila chumba hukaa jamaa moja, pengine watu watano au sita, pamoja na kitanda, kabati, vyombo, ndoo za maji, jiko la mkaa na mtungi wa gesi. Mlango una kitasa cha mwenye nyumba; juu yake pana komeo la ndani aliloongeza mpangaji; na kwa nje pana pete mbili za kutia kufuli, kwa kuwa mpangaji hajui ni wangapi waliomtangulia humo wakaondoka na nakala ya ufunguo. Dirisha lina nondo zilizojengewa ukutani. Ndivyo watu thelathini wanavyolala chini ya paa moja, kila jamaa imejifungia mbali na nyingine.

Thomas Hobbes, mwanafalsafa wa Uingereza, katika kitabu chake *Leviathan* cha mwaka 1651, aliyatumia makufuli kuwa ushahidi. Alikuwa amewanenea wanadamu vibaya, kwamba kila mmoja ni wa kuogopwa na mwenzake, akajua kuwa wasomaji watamkasirikia. Basi akawataka wajitazame wenyewe: kwamba wakienda kulala hufunga milango, na hata ndani ya nyumba zao hufunga masanduku, ingawa wajua kuwa sheria zipo na watu wa kuzisimamia wapo. Je, aliuliza, mtu wa namna hiyo hawashitaki wenzake kwa vitendo vyake kama yeye Hobbes anavyowashitaki kwa maneno?

Hoja hiyo ina nguvu, na katika nyumba ya kupanga huzidi nguvu, kwa maana mashitaka hayasafiri mbali. Mwizi anayefikiriwa na mwenye kufuli si jambazi wa kutoka nchi nyingine. Ni yule apitaye koridoni kila alfajiri na mswaki mdomoni akisema "mwangaluka". Salamu hiyo hujibiwa kwa uchangamfu, kisha kufuli hubanwa, na kuvutwa mara mbili kuhakikisha. Hakuna anayekasirika. Wote wamekwisha kukubali kushukiana, na kushukiana huko kumekuwa sehemu ya adabu ya nyumba.

Wala isisemwe kwamba hofu hiyo ni ya bure. Vitu huibwa. Mwanamke anayekaa peke yake ana sababu za kufunga mlango zisizohitaji kuelezwa. Na kanda ya ziwa imeona mambo yaliyo mazito kuliko wizi: Desemba 2014, wilayani Kwimba mkoani Mwanza, mtoto wa kike wa miaka 4 mwenye ualbino alinyakuliwa na watu waliovamia nyumbani kwao usiku. Katika miaka ile wazazi wengi wa watoto kama huyo, kuanzia Mwanza hata Geita, Shinyanga na Simiyu, waliongeza makomeo, na asingekuwa na akili timamu mtu ambaye angewaambia waache milango wazi kwa ajili ya kuwaamini binadamu. Hoja yoyote juu ya kufuli isiyoanza kwa kuikubali hofu hii ni hoja ya mtu alalaye penye mlinzi.

Walakini kufuli laweza kushitaki na kulinda dhidi ya binadamu tu. Moto huja kwa njia nyingine. Katika nyumba nyingi za namna hii ukuta wa kati haufiki kwenye bati. Fundi huukomesha juu kidogo ya kimo cha mlango, na nafasi iliyobaki huachwa wazi, au huzibwa kwa dari ya ubao mwembamba ambao nao ni kuni. Jambo hili kila mpangaji alijua kwa masikio: akikohoa mtu chumba cha kwanza, chumba cha nne husikia, ugomvi wa mume na mke ni mali ya nyumba nzima. Moshi nao hupita pale pale zipitapo sauti. Huinuka, hugonga bati, hutambaa juu ya kuta zote, kisha hushuka katika kila chumba, kilichofungwa na kisichofungwa. Mshumaa ulioanguka, waya uliounganishwa kwa utepe, jiko lililoachwa na makaa hai, hivyo vyatosha kuwa mwanzo. Na godoro la sponji likishika moto hutoa moshi mweusi wenye hewa ya sumu ya kaboni monoksidi. Hewa hiyo haina harufu wala rangi. Humwondolea mtu fahamu kabla miale ya moto haijamfikia, na aliyelala huenda asiamke kabisa. Anayeamka huwa na dakika chache, gizani, macho yakimwuma, na katika dakika hizo lazima akumbuke ufunguo ulitundikwa wapi, auokote, atafute tundu la kitasa kwa kupapasa, augeuze upande ulio sawa. Mchana, akiwa na nuru na utulivu, kazi hiyo pengine humchukua mtu huyo huyo muda mrefu kuliko anavyodhani.

Serikali ina Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, lililowekewa sheria yake mwaka 2007, na namba ya kuliita ni 114. Lakini gari la zimamoto ni gari, nalo hufuata barabara. Barabara ya Igogo hukoma chini. Kutoka hapo kwenda juu ni ngazi za mawe, vichochoro vya upana wa mabega, na mifereji. Waokoaji wa kwanza katika nyumba ya kilimani si watu wenye helmeti. Ni watu wenye kanga na kaptura za kulalia, wenye ndoo, mchi na shoka la kuni, na hao ni wale wale wa koridoni. Basi yule aliyeshitakiwa na kufuli jioni ndiye anayengojewa usiku wa manane aje alivunje. Hobbes aliona nusu ya jambo. Aliona kwamba mtu hufunga mlango kwa kuwaogopa wenzake. Hakuuliza ni nani atakayeufungua mwenye nyumba asipoweza.

Misiba ya vyumba vya kupanga huandikwa kwa mistari michache, kisha husahaulika nje ya mtaa. Kwa hiyo kazi ya kufuli ndani ya moto hujulikana zaidi kutokana na misiba ya mahali pengine ambapo watu wengi walilala pamoja, hasa mabweni ya shule, maana huko uchunguzi ulifanywa na majina yaliandikwa. Katika shule ya Bombolulu, pwani ya Kenya, wasichana 26 walikufa Machi 1998. Katika shule ya Kyanguli, Machakos, Machi 2001, walikufa wavulana 67. Bweni lao lilikuwa na milango miwili, mmoja umefungwa, na madirisha yana nondo. Moto wa Kyanguli uliwashwa kwa makusudi, na watu wengi, walipokwisha kulitambua hilo, waliridhika kuwa mkosaji amepatikana. Lakini makosa yalikuwa mawili. La kwanza ni la aliyewasha. La pili lilitendeka mapema, mchana kweupe, kwa nia njema, mtu alipotia kufuli mlangoni akaenda zake.

Kosa hili la pili ndilo gumu kulihukumu. Tarehe 25 Machi 1911 kiwanda cha nguo kiitwacho Triangle, mjini New York, kiliungua, wakafa wafanyakazi 146, wengi wao wasichana waliohamia Marekani kutafuta riziki. Mlango mmoja wa ngazi katika ghorofa ya tisa ulikuwa umefungwa, kwa kuwa wenye kiwanda waliogopa kuibiwa. Wenye kiwanda walishitakiwa, na Desemba ya mwaka ule wakaachiliwa, kwa sababu haikuthibitika kwamba walijua, saa ile, kuwa mlango umefungwa. Yamkini mahakama ilifuata sheria. Lakini kwa upande wa maadili hukumu hiyo yapaswa kugeuzwa juu chini. Anayeamuru mlango ufungwe kwa faida yake, na nyuma ya mlango huo wamo watu, amejitwika deni la kujua, kila saa, kama umefungwa au umefunguliwa na ufunguo uko kwa nani. Kutojua kwake hakumwondolei lawama, ndiko kunakolaumiwa.

Kipimo hiki kikiletwa Mwanza, makufuli hayatakuwa sawa tena. Komeo la ndani halina neno: humzuia ajaye, na alalaye hulifungua kwa mkono mtupu, hata akiwa nusu usingizini. Kitasa cha ufunguo kina shaka kidogo, kwa sababu humfanya mwenye chumba awe mfungwa wa kitu kidogo kinachopotea. Nacho hupona shaka hiyo iwapo ufunguo hukaa mahali pamoja kila usiku, karibu na mlango, mbali na dirisha. Kufuli la nje ni jambo jingine kabisa, maana aliye ndani hana la kufanya. Na nondo za dirisha ni kufuli lisilo na ufunguo popote duniani.

Juu ya nondo, wa kuulizwa ni mwenye nyumba, naye ana jibu lake tayari: wapangaji wenyewe huzitaka, na chumba chenye dirisha lisilo na nondo hakipati mtu. Asema kweli. Lakini kutaka ulinzi si kutaka kaburi, na baina ya dirisha tupu na dirisha lililozibwa milele pana dirisha la tatu: lile ambalo kipande cha nondo zake kimefungwa kwa bawaba, kikiwa na komeo kwa ndani mahali ambapo mkono wa mtu wa nje haufiki. Mchomeleaji yeyote aijua kazi hiyo. Mpangaji hawezi kuifanya, kwani ukuta si wake, na akiukata atadaiwa; wala hawezi kukaa na kusubiri nyumba bora, kwani kodi ya nyumba bora hana. Lawama yapasa kumfuata yule mwenye uwezo wa kubadili, si yule aliyekubali kwa kukosa. Yafaa kuongeza kwamba jambo hili haliwahusu maskini wa kilimani peke yao. Wanafunzi waliopanga hosteli za watu binafsi kandokando ya vyuo hulala nyuma ya geti ambalo ufunguo wake hukaa na mlinzi, na mlinzi hulala penye kibanda chake, au huenda kunywa chai. Wasomi hao hujadili uhuru wa binadamu hadi saa sita za usiku, na hawajui aliko mtu mwenye ufunguo wao.

Mbele ya mwenye nyumba hukumu ni nyepesi. Si nyepesi mbele ya mama.

Achukuliwe mama mmoja wa kufikirika, ambaye mfano wake haukosekani katika mtaa wowote wa ufukoni. Hununua dagaa kwa jumla Mwaloni, Kirumba, akawauze kwa rejareja. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mitumbwi hurudi alfajiri. Achelewaye hununua ghali au hukuta mabaki. Kwa hiyo huondoka saa kumi za usiku. Ana watoto wawili, wa miaka saba na wa miaka mitatu, wamelala. Mume hayupo, kwa sababu yoyote ile. Akiwachukua, watapigwa na baridi ya ziwa na mkubwa hataweza kwenda shule. Akiurudisha mlango bila kuufunga, yeyote ataingia. Akimwamsha mkubwa afunge komeo kwa ndani, mtoto huyo aweza kumfungulia kila anayeijua sauti ya kubembeleza. Basi hutia kufuli kwa nje, hufunga ufunguo katika pindo la kanga, na kuteremka ngazi za mawe gizani. Hufanya hivyo siku sita katika juma kwa miaka.

Kumlaumu ni rahisi, hasa kwa mtu ambaye hajawahi kuulizwa na mtoto wake kama leo kuna chai. Tena fikira zake si za kijinga. Ameilinganisha hatari aionayo kila siku na hatari ambayo huenda asiione maisha yake yote; kwa hesabu ya usiku mmoja mmoja, mwizi na mtu mwovu ni wengi na moto ni nadra. Kama maadili yangekuwa hesabu tu, mama huyu angeshinda.

Pana jambo moja, hata hivyo, ambalo hesabu yake haikuligusa. Kufuli haliuharibu uwezo wa kufungua, huuhamisha. Kabla ya saa kumi uwezo huo ulikuwamo chumbani. Baada ya saa kumi uko katika pindo la kanga, nao watembea kuelekea Kirumba, ng'ambo ya mji, mahali ambapo kilio cha mtoto hakifiki. Kumfunga mtu asiyeweza kujifungulia ni kuchukua kitu chake, na alichokichukua mtu hana ruhusa ya kukipeleka apendapo. Mama ana haki ya kuwafunga watoto wake kwa ajili ya usalama wao. Hana haki ya kwenda na ufunguo mbali kuliko sauti yao iwezavyo kusikika. Sharti hilo ni dogo, na ndilo linalotenganisha kumlinda mtu na kumweka kifungoni. Mtoto wa miaka mitatu hawezi kugeuza ufunguo, lakini aweza kulia. Yafaa basi ufunguo uwe pale kilio kinapofika.

Watu wa kanda hii hawahitaji kufundishwa nguvu ya sauti. Wasukuma wana mwano, yowe la hatari, ambalo kila alisikiaye huwajibika kuliitikia na kukimbilia lilikotoka. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe ulipozidi Usukumani na Unyamwezini, vijiji vilijenga juu ya desturi hiyo jeshi la jadi la Sungusungu. Jeshi hilo lilikuwa na makosa yake, wala yasifichwe: watu walipigwa bila kuhukumiwa, na vikongwe walisingiziwa uchawi. Lakini mjini kimehifadhiwa kitu kimoja tu kati ya viwili. Yowe la moto bado huitikiwa. Kilimani watu hutoka mbio bila kuulizana kabila wala dini. Wanapofika hukuta kufuli. Shoka lipo kwa jirani wa tatu, mlango ni wa mninga kwa kuwa mwenye nyumba alitaka mlango imara, na dirisha lina nondo.

Iwapo hivyo ndivyo, ufunguo wa pili haukosi kukaa na jirani, na hapo mama wa dagaa hurudi penye hofu iliyomfanya anunue kufuli. Ni jirani yupi? Hobbes angecheka. Lakini imani inayotakiwa hapa si ile ya kuwapenda watu wote wa nyumba. Ni imani ya mtu mmoja, aliyechaguliwa kwa kutazamwa muda mrefu: bibi wa chumba cha mwisho asiyetoka, au mke wa fundi mwenye watoto wa umri ule ule. Kumwamini mmoja baada ya kumpima si upumbavu, na hakumlazimishi mtu kuacha kuwashuku sita waliosalia.

Tatizo lililofichika liko upande wa pili, nalo ndilo linalozishinda nyumba nyingi. Huyo jirani mwema mara nyingi hukataa. "Usiniachie ufunguo wako," husema, "kikipotea kitu utasema mimi." Hasemi hivyo kwa ubaya. Ajua kwamba mwenye ufunguo ndiye mshukiwa wa kwanza, na kwamba sifa ya uaminifu aliyoijenga miaka kumi yaweza kubomoka kwa sufuria moja. Kwa hiyo ampaye mwenzake ufunguo hampi heshima tupu. Humtwisha mzigo, na mzigo huo una deni upande wa mtoaji. Mtoaji ndiye apaswaye kujifunga kwanza, kwamba siku kitakapopotea kitu atatafuta chumbani mwake kabla ya kutafuta kwa mwenziwe, na kwamba sufuria, hata likipotea kweli, halitawekwa kwenye mizani moja na watoto wawili. Asiyeweza kuahidi hivyo asilalamike kwamba majirani wa siku hizi hawana utu.

Mapatano ya namna hiyo hufanywa wakati mwingine, jioni, uani, wanawake wawili wakichambua mchele kila mmoja kwenye ungo wake. Yule wa dagaa hutaja saa yake ya kuondoka na saa yake ya kurudi. Mwenziwe huuliza kama jiko hubaki na makaa, na kama mdogo huamka akiita. Kisha hutaka waingie chumbani pamoja, waone vilivyomo: redio, vyombo, sanduku la nguo na kufuli lake dogo, ambalo ufunguo wake hautatolewa, wala hauombwi. Wakitoka, ufunguo wa mlango huvuliwa katika kamba na kutiwa mkononi mwake, naye huutundika kwenye msumari nyuma ya mlango wake mwenyewe, mahali ambapo mkono utaupata gizani.